Honi

"Namba arobaini na moja," asema dalali,
na turubai linavutwa.

Sisi watu wa Tanga hatustaajabu haraka,
lakini uwanja mzima wa Raskazone ulinyamaza.
Nyeusi, kahawa isiyotiwa kitu.
Taa za mbele zimetoka kama macho ya mtu aliyekumbushwa deni,
na kwenye nikeli yake nyuso zetu zote zimepinda.
"Benzi ya hamsini na nne!" Kaniki anakiambia kipaza sauti.
"Ya bwana mkonge mwenyewe! Kila kitu cha asili,
haijaguswa na mkono!"

Mimi nimekaa nyuma, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
na mkono ulioigusa nimeulaza pajani.

Miezi kumi na tisa.
Niliikuta njia ya Pongwe, nyuma ya ghala,
kuku wametamia kiti cha mabwana.
Mayai manne niliyatoa kwenye ngozi iliyochanika,
tukayakaanga, mimi na Kibwana mwanafunzi wangu,
tukasema haya, gari limetulipa kishika uchumba.
Mlango wa kushoto ulikuwa kutu tupu, ukiugonga unamung'unyika.
Bati lake nimelikata kwenye pipa la mafuta ya kula.
Ubao wa dashibodi ni mninga,
ubavu wa kitanda cha marehemu mama mkwe
(Mwanakombo alikubali, akanuna wiki mbili, akakubali tena).
Bawaba ya kisanduku imetoka kwenye cherehani.
Na chini ya ngozi mpya viti vimejaa mkonge.
Mkonge, ndiyo.
Ulilinunua gari; sasa unakaliwa.

"Sitini! Sitini na tano, bwana wa kofia!"
Kaniki keshapandwa:

    Mara moja nawambia,
    mara mbili narudia,
    mwenye pesa kusinzia
    gari litamkimbia!

Baba yangu alikata mkonge shamba la Kwamdimu,
majani thelathini tita moja, matita mpaka jua liseme basi.
Hakuwahi kutueleza sura ya mwenye gari.
Alitueleza honi.
Pii fupi: ondoka.
Pii ndefu: umechelewa.
Watu wazima, wenye wake na madeni,
wanatumbukia mtaroni na matita kichwani,
vumbi linapita, linarudi, linawakalia,
wanatoka weupe kama waliopakuliwa kwenye unga.
Hata alipolazwa Bombo, siku zake za mwisho,
gari likipiga honi barabarani
alikuwa anaikunja miguu kitandani.

Themanini na mbili. Nyundo.

Mnunuzi ni kijana wa Dar, shati la kitani.
Alinijia, akanipa mkono, akasema ahsante fundi,
na mkono wake haukuogopa grisi yangu.
Mkonge hajauona ila kwenye kamba.
Aliwasha. Injini ikaunguruma chini chini,
paka aliyeshiba samaki,
na mimi, wallahi, nilijisikia baba wa harusi.
Halafu akabonyeza honi.
Kimya.
Akabonyeza tena.
"Fundi?"
"Hiyo ndiyo peke yake haikupona, bwana.
Waya wake hautengenezwi tena."
Kaniki akacheka: "Siku hizi nani husikia honi!"

Kijana yule hajanikosea.
Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo,
na bado sijui lina haki gani.

Najua tu nilichokiona getini:
mama mmoja juu ya baiskeli, sinia la vitumbua nyuma,
katikati ya barabara, anapiga pedali kwa raha zake,
na Benzi ya bwana mkonge nyuma yake,
polepole, polepole,
haina la kumwambia.
Alikata kona alipotaka yeye.

Kibwana alikuwa anakunja turubai.
Hakuniuliza kitu.
Mfukoni mwa shati, waya mwekundu, shibiri moja,
ncha yake inanichoma kidogo
nikivuta pumzi.