Swali la Saba

Wamenipa kishikwambi, kofia na kiti cha plastiki,
nikae hapa Mahurunga, mchanga unapoingia Ruvuma,
niwapime wavukao.
Swali la saba ndilo lenye nyota nyekundu:
unakusudia kukaa siku ngapi?

Somoe Nantanda alifika na umande,
jembe begani, viatu mkononi.
"Mpaka nimalize kupalilia."
Siku ngapi, mama?
"Palizi unaijua, au umeisoma?"
Nikaandika tatu.

Adelino katoka Mueda tangu mwezi wa tisa,
anaokota korosho za watu kule Nanyamba.
Leo kashuka mtoni kumpa mvukaji
chumvi na sabuni za mama yake.
Yeye atarudi lini? "Mikorosho ikinyamaza."
Nikateremsha orodha ya majibu mpaka chini:
wiki, mwezi, miezi mitatu, zaidi ya mwaka.
Mikorosho ikinyamaza haimo.

Kisha binti mmoja, kitenge kimefunga kitu kifuani.
Jumatatu alivuka peke yake, akifuata zahanati.
Leo Alhamisi anarudi na mtoto.
Mashine ikagoma: walioingia na wanaotoka hawalingani.
Nikamfungulia mtoto ukurasa wake.
Amekaa nchini muda gani?
Mama akacheka. "Maisha yake yote."
Kwa kanuni yetu, basi, huyu ni mwenyeji,
na anayemnyonyesha ni mgeni wa siku tatu.

Nimekulia kwenye korosho, kangomba naijua:
bakuli linajaa, linarundikwa hadi linaota kilele,
na bado linahesabiwa moja.
Sasa bakuli ninalo mimi.

Mchana simu ikatetemeka mfukoni.
Mnara wa ng'ambo umeninasa: karibu Msumbiji.
Nusu saa haijapita, karibu Tanzania.
Msimamizi anasema mwakani watatuhesabu kwa simu,
itakuwa rahisi, hakuna kuuliza mtu.
Basi waandike: karani huyu leo kahama mara tano,
makalio hayajabanduka kitini.

Jua linazama Somoe akapanda ukingo,
matope hadi magotini, kisamvu kwenye pindo la kanga.
Nikamwambia nilimwandikia siku tatu.
"Nimetumia moja," akasema, akikung'uta jembe.
"Hizo mbili niwekee. Kuna palizi ya pili."