Maagizo kwa Mnunuzi wa Roho

Usiliwashe kwa pupa, Lemashon.
Vuta choki hadi mwisho, hesabu hadi saba,
ndipo uzungushe ufunguo.
Likikohoa mara moja, ngoja.
Likikohoa mara mbili, limekubali.
Asubuhi za Julai, baridi ikilala juu ya Buruburu
kama shuka ambalo mtu amesahau kulianua,
utahesabu hadi kumi na mbili.
Ni haki yake. Limekuzidi umri.

Gia usiitafute sakafuni.
Imechomoza hapo dashibodini kama mpini wa mwavuli:
ya kwanza, pinda kushoto uvute;
ya pili, sukuma, kama unayefunga droo;
ya tatu, irudishe kifuani.
Ya nne hutaihitaji sana Jogoo Road.

Madirisha hayazungushwi, yanatelezeshwa, na nusu tu,
kiasi cha kutoa kiwiko na kukaribisha vumbi.
Geji ya mafuta ni mwongo.
Tanki kavu, nayo itakuapia nusu.
Amini daftari. Kila nilipojaza nimeandika,
tangu lita ilipokuwa shilingi saba
na mkopo wa ushirika ukinikata mshahara.
Hapa mjini gari hili tuliliita Roho.
Majirani walicheka: Mwalimu kanunua roho kwa mkopo!

Ukilipima, usishtuke.
Ubavu wa kulia, gurudumu hadi gurudumu,
umeuzidi wa kushoto kwa vidole vitatu.
Halijagongwa. Lilizaliwa hivyo, Ufaransa.
Fundi Mbuvi wa Grogan alipima kwa kamba,
akapima tena, akapiga mluzi,
akasema, Mwalimu, hata mimi viatu vyangu
kimoja hubana.

Nerima alilidharau. Debe la mkate, alisema,
limewekwa taa.
Mvua ya El Niño ilipoikata njia ya Donholm
gari lake la Kijerumani lilizama hadi kwenye nembo,
na Roho likapita pembeni, jepesi,
likijivuta kwa magurudumu ya mbele
kama mbuzi aliyenusa majani ng'ambo.
Nilisimama nikampakia, viatu mkononi.
Hakusema neno hadi Harambee.
Hapo akauliza, kwa sauti ndogo,
"Ulilipata kwa bei gani?"

Kiti cha nyuma kinatoka.
Fungua vishikizo hivi viwili, nyanyua.
Mimi nimekitoa mara tatu.
Kwanza, cherehani na majora kumi na moja ya kaki,
sare za shule nzima pale Jericho.
Pili, kitanda cha Kwamboka akienda chuo,
godoro juu ya kitanda, Kwamboka juu ya godoro,
akiimba hadi Njoro.
Tatu, mlango wa nyuma haukufunga.
Tuliushika kwa kamba.
Nilikwenda kwa gia ya pili mpaka Lang'ata,
na hakuna aliyenipigia honi.
Alama ya kamba ni ile, pale juu ya rangi.
Ukilipaka upya, hapo uparuke.

Umesema utabeba mayai. Vyema.
Springi zake ni laini, tuta hulipita
likiinama kama mtu anayeomba radhi.
Trei arobaini zitaenea.
Usizipange zikapita dirisha,
kuna siku utataka kuona ulikotoka.

Elfu mbili hizi za chai, shika.
Kanunue plagi.
Na usiniahidi kwamba utalileta nilione.
Watu husema hivyo.

Akaingia. Akahesabu kwa sauti, mtoto wa watu, hadi saba.
Likakohoa.
Likakohoa.
Pale kona ya kioski alichelewa kubadilisha,
injini ikalia, ikazidi kulia,
nami nimesimama langoni
na daftari nililosahau kumpa,
mkono wangu wa kushoto ukanyooka wenyewe
ukasukuma.