Ukurasa wa Agosti

Unaniuliza, Nyokabi, kama Malindi ni ileile
ya kalenda iliyotundikwa jikoni kwa mama kule Limuru,
ukurasa wa Agosti: mnazi mmoja, maji ya samawati.

Jua lipo. Hapo sikudanganywa.
Saa moja asubuhi limeshakaa kitandani
kama mgeni asiyejua kubisha hodi.
Chumvi imekula bawaba za mlango,
imekula pasi, sasa imeanza redio ya baba.
Maji ya bomba hayapatani na sabuni;
Kadzo, jirani, alinikuta nafua kwa hasira:
“Hapa povu huombwa, dada, halilazimishwi.”

Bahari?
Niliiona Jumapili ya kwanza.
Tangu hapo naisikia tu,
usiku, umeme ukikatika na feni ikinyamaza,
inavuta pumzi kama mtu wa chumba cha pili.

Juzi nilitoa sweta lako sandukuni.
Lina moshi bado, na majani chai mabichi.
Nikalivaa. Jasho likanitiririka
nami sikulivua.

Ukija, niletee ukungu kidogo, hata ndani ya chupa.
Kadzo hajawahi kuuona.
Nikimweleza unavyomeza ng'ombe, ua, hata kanisa,
anacheka, anasema
natia chumvi.