Panya wa Moroto

Tulimnasa alfajiri, kwenye miamba ya Moroto,
ndani ya mtego wa bati wenye harufu ya karanga.
Nilimshika vibaya. Akaniachia ngozi ya mgongo,
kipande kizima, kama koti lililokwama mlangoni,
akatokomea.

"Usijali," akasema Kabasinguzi, akiandika saa.
"Mwezi ukiisha atakuwa na miiba yake yote.
Hutajua kama ni yeye."

Nikautazama mkono wangu wa kushoto,
pale uji uliponimwagikia nina miaka minne:
ngozi iliyozibwa haraka
kama gunia la mtama linaloshonwa usiku, mvua ikija.
Fundi hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu.

Jioni, kwa taa ya sola, ananieleza.
Kitabu ni kile kile.
Kila seli yako ina herufi zile zile
za siku ulizoelea tumboni kwa mama,
ambapo ungechanika ukapona bila alama.
Hakuna aliyezifuta.
Ila kadiri ulivyokua, kemia ilipachika vikufuli,
vidogo, huku na huku juu ya kurasa,
uzi ukakazwa kwenye vidonge vyake,
mpaka ukurasa wa kuota upya haufunguki.
Unaofunguka ni ule wa kuziba tu.

"Basi vunja kufuli," nikasema.
Akacheka, akapuliza chai.
"Ukivifungua vyote, seli haitajua kukoma.
Huo ni uvimbe, Lomuria. Natafuta kimoja."

Nilimpelekea mama habari hizo.
Naduk, mwenye nukta toka begani hadi kitovuni,
zilizochanjwa kwa mwiba na wembe,
zikapakwa majivu makusudi zisipone vizuri,
kwa malipo ya mbuzi.
Akauliza: "Mkikipata, mtanifuta?"

Hapana, mama. Ni cha yule mtoto wa wodini,
Lokwang, ambaye moto ulimbandika vidole vitatu
na sasa hawezi kushika hata kikombe.
Zako uliziomba.
Hakujibu. Alikuwa anajikuna begani.

Wiki ya tano, mtego uleule.
Nikamgeuza panya kwenye mwanga: miiba imejaa,
hakuna mshono, hakuna hata kivuli cha mshono.
Nikataka kuandika: mgeni.

Lakini alianza kutetemeka
kabla sijamgusa.