Kielelezo P3

Funguo za chumba hiki ninazo mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa,
nyuma ya mahakama, upande unaochomwa na jua la alasiri,
malori ya mkonge yakipita kwenda bandarini.
Mapanga ninayo, ya kesi za mipaka ya mashamba.
Gongo ninayo, kwenye chupa za soda.
Na rafu ya chini, karibu na mlango,
ninao moto mmoja wa ofisi ya kata, Makorora,
umegawanywa namba tano.

P1 ni dumu la njano. Lina alama za mikono ya watu wawili.
Wataalamu wamesema hivyo; mimi naona dumu.

Mikono ya kwanza ni ya Mwalimu Kihiyo,
aliyefundisha uraia miaka kumi na moja.
Kizimbani husimama kama yuko mbele ya ubao,
shati limepigwa pasi (sijui Maweni pasi anaipata wapi)
na wakili wa serikali akikosea ngeli, humsahihisha.
"Kura ziliibwa," anasema. "Nilichoma wizi, sikuchoma mtu."
Ameirudia mara nne, neno kwa neno,
na mara zote nne macho yake
yaliruka benchi la tatu
kama mtu arukavyo dimbwi.

Mikono ya pili ni ya Chande, mpakia saruji wa Pongwe.
Huyu hakuibiwa kura. Kadi yenyewe hana.
Aliahidiwa elfu thelathini, akapewa kumi na tano
na sahani ya chipsi.
Husinzia. Hujikuna. Wakati wa mapumziko
humuuliza askari Coastal wametoka ngapi.
Hakimu alipotaka sababu, alifikiri sana, akasema:
"Niliitwa."
Watu walicheka. Mwalimu akafumba macho kwa aibu,
aibu ya kushtakiwa pamoja na mtu asiye na hoja.

Nimewapima hawa wawili mwaka na nusu.
Siku nyingine huelemea upande wa Mwalimu:
huyu alijua, huyu alisoma, alingoja hadi upepo utulie.
Siku nyingine wa Chande:
elfu kumi na tano, jamani. Na chipsi.
Usiku mmoja nikadhani nimepata jibu.
Nikamwambia mke wangu: mwenye sababu anatisha zaidi,
maana kesho atairudia akiwa na usingizi mzuri.
Akasema, kunywa chai, inapoa.

P5 ni risiti ya kituo cha mafuta: lita tano, saa mbili usiku,
na namba ya gari lisilo la Mwalimu wala la Chande.
Ni zile karatasi za mashine.
Mwezi wa sita tarakimu mbili zilikuwa bado zinasomeka.
Leo ninahifadhi karatasi nyeupe
ndani ya mfuko wenye muhuri.

Na P3 ni baiskeli.
Ya Semkiwa, mlinzi, aliyeingia ndani kujikinga na mvua akapitiwa.
Yenyewe ilibaki nje, imeegemea ukuta;
moto ulikula tandiko tu.

Mjane wake, Bi Mwanakombo, ndiye wa benchi la tatu.
Siku moja Chande aligeuka akamwona,
akavuta fulana mpaka usoni, kama mtoto aliyevunja kikombe.
Sijui ilikuwa nini. Hiyo sijaiweka kwenye mizani.

Huja kila Ijumaa, kesi iwepo isiwepo.
Haulizi hukumu. Haulizi nani alishinda kata.
Huuliza: "Matairi yake vipi?"

Sheria inakataza kielelezo kuguswa.
Pampu nimeileta kutoka nyumbani, nimeificha nyuma ya gongo.
Tairi la mbele halisumbui. La nyuma linavujisha kidogo kidogo,
nalijaza, wiki ikiisha limelala tena.
"Yamejaa, mama," namwambia dirishani.

"Kengele usiiguse," alisema Ijumaa iliyopita.
"Alikuwa akiipiga kona ya barabara ya kumi na nne
alfajiri akirudi lindoni,
nijue niepue chai."

Sijaigusa.