Wa Sita

Nkuhungu, saa nane usiku. Upepo wa Julai
unasukuma vumbi chini ya mlango.
Chidawali ana wapiganaji watano, kompyuta moja,
feni inakoroma kama punda aliyelemewa madumu.

Zamani, akihama dirisha hadi dirisha,
kioo kilizimika kwanza, sekunde mbili nzima.
Mpiga upinde wake alifia humo,
akingoja dawa.
Katika weusi ule Chidawali aliuona uso wake.

Mshika mawili moja humponyoka, mama alisema.
Yeye kashika matano.
Akawapunguzia wanne picha: vivuli, majani,
maji yanayong'aa bure bila mtazamaji.
Akayavua madirisha fremu zake,
kila moja akalipa kitufe.
Sasa kidole kikigusa tu, keshafika.
Hakuna pengo. Hakuna weusi.
Tangu Jumatatu hajafa mtu.

Asubuhi mama aligonga, uji ukapoa mlangoni,
ukaota ngozi.

Saa kumi kasoro, Luku ikaisha.
Watano wakaondoka pamoja, hata kuaga hawakuaga.
Simu ikamulika kidogo. Kwenye kioo
alikuwepo wa sita,
ndevu zimemwota, midomo imekauka,
hana kitufe.