Nukta

Saa tisa ya usiku, Elgoibar, mvua juu ya bati.
Mto Deba uko nyuma ya ukuta, hausikiki:
mashine saba zinakula chuma kwa pamoja.

Niliandika namba kwa vidole viwili,
kahawa mkono wa pili.
Hasi tatu, nukta, sifuri:
ndivyo nilivyokusudia.
Nukta ikabaki kidoleni.

Mashine haikuuliza.
Xanti angeuliza, yule aliyechonga hapa
miaka arobaini na mmoja kwa gurudumu la mkono.
Angekuna shavu: "Thelathini, Eneritz?
Na bamba lenyewe unene wake ishirini?"
Mkono wake ulisita kwanza, ndipo ukakata.

Hii ilishuka tu.
Maji meupe ya kupozea yakatapakaa kiooni,
sauti ikabadilika, ikawa nzito,
kama mtu anayeongea huku anatafuna.
Kisha kekee ikapanda, ikajifuta,
taa ya kijani ikawaka: tayari.

Nikaliinua bamba. Chini yake,
kwenye meza iliyonunuliwa kwa mkopo,
tundu. Kina milimita kumi kamili,
kingo laini, hakuna hata kijinyuzi cha chuma:
kosa langu, limetekelezwa bila kosa.

Asubuhi Xanti alipita na mkate kwapani
(kustaafu bado kunamwasha).
Akatia kidole chake tunduni, akakizungusha.
"Zuri," akasema, akaenda zake.

Sijaliziba.
Siku hizi, kabla ya kubonyeza,
nakuna shavu.